Maswali ya Wasomaji: Ramani za Mabaharia, na Kwa Nini Usifute Penseli

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu ramani za zamani za mabaharia ambazo watu huniletea dukani hapa Kisumu niziwekee fremu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika kutoka Nakuru, Mumias, Dunga, hadi Port Victoria. Nimejibu zile zenye jambo la kutufaa wengi. Walioniuliza bei ya fremu wapite dukani, ukurasa huu si wa biashara yangu.

Swali: Mama, shikamoo. Marehemu babu yangu alikuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba huko Njoro. Mzungu alipohama baada ya uhuru alimwachia babu sanduku la bati. Juzi tumelifungua tukakuta ramani kubwa ya Mombasa na bahari yake, imejaa namba ndogo ndogo, ina madoa na imechorwachorwa kwa penseli. Kuna mtu anataka kuinunua kwa shilingi elfu nne. Fundi mmoja wa mjini anasema tuifute kwanza kwa kifutio, kisha tuipige laminesheni ndipo ipate bei. Tufanyeje? *Mjukuu, Section 58, Nakuru*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Huyo fundi asiiguse hiyo ramani, na kifutio kifungie kabatini.

Itandaze mezani mchana, karibu na dirisha. Mikono iwe imeoshwa na imekauka, na chai ibaki chumba kingine. Tafuta lenzi ya kukuzia, ile ndogo wanayotumia mafundi wa saa. Ramani nyingi za mabaharia za karne ya 19 zilichapwa kwa bamba la shaba. Fundi alichonga mistari kwenye shaba kinyumenyume, akapaka wino, akapangusa juu, wino ukabaki ndani ya michoro. Halafu karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa nguvu nyingi. Ndiyo maana karatasi ya namna hiyo huwa na ukingo uliobonyea unaozunguka mchoro wote, alama ya ukubwa wa bamba. Pitisha ncha ya kidole polepole mno juu ya mstari wa pwani: utahisi wino umeinuka kidogo. Ukitazama kwa lenzi, mstari ni mweusi mzima. Ukiona vitone vingi vilivyojipanga kama asali ndani ya sega, hiyo ni nakala ya mashine za juzi, ya kupamba hoteli. Lakini usikate tamaa ukikosa ule ukingo, maana nyingi za karne ya 20 zilichapwa kwa njia nyingine na bado ni halali kabisa.

Sasa pembezoni. Hapo ndipo watu wengi huteleza. Chini utakuta tarehe ya kuchapishwa mara ya kwanza, na mtu akiona mwaka wa 1870 na kitu anaanza kuota gari. Soma zaidi. Karibu na hapo kuna tarehe za masahihisho makubwa, na chini kabisa kona ya kushoto kuna masahihisho madogo, mwaka baada ya mwaka. Umri wa karatasi unahesabiwa kwa tarehe ya mwisho iliyochapwa. Ramani iliyochorwa zama za Malkia Victoria inaweza kuwa imechapwa mwaka wa 1938. Angalia pia ile duara ya dira: ndani yake huandikwa sindano inapotoka kwa kiasi gani na mwaka uliopimwa. Mwaka huo nao ni ushahidi.

Kisha soma majina. Ukiona Port Reitz na Port Tudor, unasoma kazi iliyoanzia kwa Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza. Kati ya 1821 na 1826 alipima pwani za Afrika kwa meli za Leven na Barracouta. Alipofika Mombasa Februari 1824, Wamazrui, ukoo uliotawala mji huo, walikuwa wanatafuta kinga dhidi ya Seyyid Said wa Omani, na Owen akakubali kuwalinda bila kusubiri ruhusa ya London. Akamwacha luteni wake, John James Reitz, awe gavana. Reitz hakumaliza mwaka. Homa ilimuua miezi michache baadaye. Mwaka wa 1826 London ikaiondoa hiyo kinga. Gavana amezikwa, serikali yake ya miaka miwili imesahaulika, lakini makanga wa Mombasa bado wanaita abiria wa Port Reitz kila asubuhi.

Zile namba ndogo ndogo ni vina vya maji. Katika ramani za zamani za Kiingereza huwa ni kwa pima: pima moja ni futi 6, karibu mita 1.83. Kila namba ni mkono wa mtu. Baharia alisimama kwenye mashua, akatupa bildi, yaani risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama, akasikia inagonga chini, akataja kina kwa sauti, mwenzake akaandika. Tako la bildi lilikuwa na kishimo kilichojazwa shahamu ili likipanda lije na sampuli ya chini: tope, mchanga, vipande vya kombe. Herufi ndogo kando ya namba zinaeleza kilichonata. Na ukiona namba yenye kistari na kitone juu yake, ujue kamba iliishia hapo na bildi haikugusa kitu. Watu wa Owen walifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na zaidi ya nusu ya walioondoka naye walikufa kwa homa.

Sasa penseli. Ramani hizi zilikuwa vyombo vya kazi, kama msumeno wa seremala. Ile mistari aliipiga mtu aliyekuwa chomboni, akiweka msalaba mdogo pale alipojikuta, na saa pembeni. Huenda mzungu wa babu yako alikuwa baharia kabla ya kuwa mkulima, au alinunua karatasi kwa nahodha fulani. Ukifuta, unabaki na ramani ambayo walichapa nyingi kama hiyo. Ukiiacha, unayo ya aina moja. Mimi kati ya ramani safi na chafu huchagua chafu, na wanunuzi wenye akili hufanya vivyo hivyo.

Laminesheni hairudishwi nyuma. Joto na plastiki vikishaingia kwenye karatasi, basi. Selotepu nayo usiisogeze hapo. Huyo wa elfu nne mwambie asubiri. Piga picha za kona zote, waonyeshe wanunuzi watatu tofauti, kisha mkae kama familia muamue. Na mkiuza, muulizeni mnunuzi aandike kwenye risiti kwamba ilitoka sanduku la Njoro. Historia ya kitu hupotea kwenye kuuziana.

Swali: Mwalimu mwenzetu wa karatasi, hujambo? Nafundisha Historia. Kitabu kimoja kinasema Ahmad ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India. Kingine kinakana. Na je, manahodha wetu walikuwa na ramani, au walikwenda kwa kukisia? *Mwalimu, Mumias*

Jibu: Sijambo, Mwalimu. Mimi nami ni wa Mumias kwa upande wa mama, kwa hiyo nitakujibu kwa kituo.

Ibn Majid mtoe. Alikuwa bingwa wa bahari, mzaliwa wa Julfar upande wa Ras al-Khaimah, na kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari alikiandika karibu mwaka wa 1490. Lakini da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498, Ibn Majid alikuwa mzee, na maandishi yake mwenyewe hayasemi popote kwamba alimpeleka Mreno India. Kisa hicho kilitoka kwa mwandishi wa Makka aliyeandika miongo mingi baadaye, na wanahistoria wengi leo hawakikubali. Mwandishi wa Kireno João de Barros, wa karne ya 16, anasema rubani alikuwa Mwislamu wa Gujarat. Hilo linaingia akilini, maana Wagujarati walikuwa wamejaa bandari zetu na nguo zao.

Barros huyo huyo ndiye mwenye jibu la swali lako la pili. Anasimulia kwamba rubani alimfungulia da Gama ramani ya pwani yote ya India, yenye mistari ya kukata kwenda juu na kwenda kando, na Mreno alipomwonyesha vifaa vyake vya kupimia jua, yule rubani hakushangaa hata kidogo. Mimi hapo hucheka peke yangu kila ninapoisoma.

Lakini ramani haikuwa nguzo yao. Nguzo ilikuwa nyota na pepo. Walikuwa na kibao kidogo chenye kamba ya mafundo, wakiita kamal. Rubani alishika fundo kwa meno, akanyoosha kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Kila fundo lilikuwa latitudo ya bandari fulani. Ukitaka kurudi nyumbani, unakwenda kaskazini au kusini mpaka fundo la nyumbani likubali, kisha unageuza chombo na kufuata mstari huo mpaka nchi kavu. Malindi iko kusini mwa ikweta kidogo na nyota ya kaskazini haionekani, kwa hiyo walitumia nyota nyingine zilizo jirani yake.

Na pepo waeleze wanafunzi kwa mfano huu. Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi, upepo wa kwenda India, ikianza, akiwa na rubani. Siku 23 baadaye walikuwa wameona nchi ya India. Alipotaka kurudi hakungoja kaskazi, upepo wa kurudia, itulie. Aliingia baharini mapema Oktoba kwa ubishi wake, na akahangaika karibu miezi mitatu kuivuka bahari ile ile. Kiseyeye kilimaliza mabaharia mpaka akakosa watu wa kutosha kuendesha vyombo vyote, akaiteketeza meli moja kwenye pwani yetu. Nahodha yeyote wa Lamu angemwambia asubiri, ale tende, atengeneze tanga.

Nyongeza kwa wanafunzi wako. Mwaka wa 1502, miaka minne tu baadaye, pwani yetu ilikuwa tayari kwenye ramani kubwa iliyochorwa kwa siri Lisbon. Jasusi wa Kitaliano, Alberto Cantino, aliipata kwa ducati 12 za dhahabu, akaipeleka kwa bwana wake, mtawala wa Ferrara. Ilichorwa juu ya ngozi, urefu zaidi ya mita mbili. Karne ya 19 ikaporwa kutoka ikulu ya Modena, na mwaka wa 1868 mkuu wa maktaba ya mji huo akaikuta kwenye duka la nyama. Leo iko maktabani Modena. Mwenye fremu kama mimi anasikia duka la nyama anataka kuzimia.

Swali: Habari yako Mama. Bibi yangu wa Butere ana shanga nyekundu za zamani sana, anasema zililetwa na misafara ya Waswahili. Zilitoka wapi? Zilipitia kwenye ramani hizo? *Mjukuu wa Butere*

Jibu: Nzuri, mwanangu. Bila kuziona siwezi kuapa kuhusu hizo za bibi. Lakini nyingi za kioo zilizoingia bara karne ya 19 zilitengenezwa Venice, zikaenda Unguja kwa meli, na kutoka hapo kwa vichwa vya wapagazi. Njia ya kuja kwetu ilianzia Mombasa au Pangani, ikapita Baringo ambako misafara ilijaza chakula, ikashukia Mumias kwa Nabongo, mfalme wa Wanga. Msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson alipofika hapo 1883 alikuta njia ya Waswahili imeshakanyagwa. Ndiyo asili ya sisi Waislamu wa Mumias wenye majina ya pwani na mashamba ya miwa.

Shanga zilikuwa na fashoni kali. Nchi moja inataka nyekundu, ya pili nyeupe, ya tatu bluu ya aina fulani tu. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alibeba mzigo miezi mingi kisha akakuta hakuna anayemwangalia. Pamoja na shanga ilikuja merikani, ile nguo nzito ya pamba iliyoletwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts. Marekani ilitia saini mkataba na Seyyid Said mwaka wa 1833, na mwaka wa 1837 ikamweka balozi mdogo wake pale. Meli zilirudi na pembe za ndovu. Sehemu kubwa ilikatwa kuwa vibao vya piano huko Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton. Kwa hiyo huenda ndovu wa Mlima Elgon alifundisha watoto wa Boston muziki.

Halafu kuna mzigo ambao wengi hupita bila kuutaja. Wafaransa walikuwa na ramani nzuri za bahari yetu mapema: d'Après de Mannevillette alichapisha kitabu chake cha ramani za Bahari ya Hindi mwaka wa 1745 na kukiongeza mwaka wa 1775. Mwaka uliofuata, Mfaransa mwingine, Jean-Vincent Morice, akafanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Morisi na visiwa jirani. Ukikuta ramani ya zamani inayoonyesha bandari moja kwa namba nyingi na jirani yake iko tupu, jiulize nani alilipa bildi itupwe pale, na alitaka kubeba nini.

Swali: Mama, mimi ni mvuvi. Kijana wangu amenionyesha kwenye simu ramani ya Stanley ya ziwa letu. Ghuba yetu ya Winam karibu haipo! Alikuwa amelala? *Baba wa watatu, Dunga*

Jibu: Hakulala, baba, alikuwa na haraka. Lakini nianze nyuma kidogo, maana kabla ya Stanley kulikuwa na ramani ya kuchekesha zaidi.

Wamishonari wawili wa pwani, Rebmann na Erhardt, hawakuwahi kuliona ziwa lolote. Erhardt alikaa Tanga mwaka wa 1854 akiwahoji wafanyabiashara wa misafara. Waliotokea Kilwa walimwambia njia yao inaishia kwenye maji makubwa. Waliotokea upande wa Bagamoyo walisema hivyo hivyo. Waliotokea Tanga na Pangani nao hivyo hivyo. Akahitimisha: basi ni maji mamoja. Ramani yao ilitoka Ujerumani 1855 na London 1856, ikiwa na bahari moja ya ajabu katikati ya Afrika, imejikunja kama koa. Wakubwa wa jiografia walicheka, kisha wakawatuma wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, wakaangalie. Kumbe wasafiri aliowahoji hawakudanganya hata mmoja: mmoja alizungumzia Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine Nyanza yetu, yaani ziwa Victoria. Kosa lilikuwa la aliyeunganisha.

Speke aliiona Nyanza kwa upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na akasema hapa ndipo Nile inapotoka. Burton hakukubali, alisema huenda ni maziwa kadhaa. Ubishi huo ndio aliokuja kuumaliza Stanley. Mashua yake, Lady Alice, ilitoka pwani imekatwa vipande vipande juu ya mabega ya watu. Machi 1875 aliishusha majini upande wa kusini akalizunguka ziwa lote kwa muda wa karibu miezi miwili. Lengo lake lilikuwa kuthibitisha kwamba ziwa ni moja. Mtu wa namna hiyo akifika mdomoni mwa ghuba, anaona visiwa na rasi zimefungana, anaandika hori, anapita. Wewe mwenyewe unajua: ukitokea ziwa kuu asubuhi yenye ukungu, Rusinga na Uyoma huonekana kama ukuta mmoja. Wazee wako walijua mlango uko wapi. Hakuuliza.

Aliyerekebisha ni Commander B. Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza, aliyelipima ziwa kwa bildi mwishoni mwa karne ya 19, reli ikiwa njiani kuja. Kazi yake ndiyo iliyozaa ramani za mabaharia za ziwa hili. Nakala moja ninayo. Baba yangu alishika sukani kwenye meli za reli, na ilipoletwa ramani mpya chomboni hii ya zamani aliiokota kabla haijafungiwa samaki. Kutoka gati la Kisumu kupita kati ya Rusinga na Uyoma kuna mstari wa penseli uliopigwa, ukafutwa, ukapigwa tena kwa miaka mingi, mpaka karatasi hapo imekuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ukiinua kwenye mwanga, njia ya meli inang'aa. Imetundikwa nyuma ya kaunta. Njoo uione, lakini haiuzwi.

Swali: Hapa kwetu Busia tuna mji unaitwa Port Victoria. Meli ya kueleweka hatujawahi kuiona. Nani alituchezea? *Mkazi, Budalang'i*

Jibu: Karatasi ndiyo iliwachezea. Mpango wa kwanza ulikuwa reli kutoka Mombasa iishie kwenu, kwenye Ghuba ya Berkeley. Jina la bandari likatangulia, bandari ikafuata nyuma na haikufika. Upimaji wa Whitehouse ulionyesha kwamba ghuba ya Winam inaingia ndani kuelekea mashariki na meli zinaweza kupita. Reli ikaishia hapa badala ya kwenda mbali zaidi, ikaokoa maili nyingi na pesa nyingi. Ilifika tarehe 20 Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence. Wengine wanasema Florence alikuwa mke wa Ronald Preston aliyekuwa akitandika reli, wengine wanasema mke wa mhandisi mkuu George Whitehouse. Na huyo George msimchanganye na yule wa ziwani: mmoja alijenga reli, mwingine alipima maji.

Meli ya kwanza, William Mackinnon, iliyotengenezwa Uskoti, ilikuwa imeletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kisumu, ikashushwa majini mwaka wa 1900, kabla reli haijafika. Winifred ikafuata 1902. Kuanzia hapo pamba na ngozi za Uganda zikawa zinapita kwetu kwenda Kilindini. Kwa hiyo ndugu zangu wa Budalang'i, gati letu lilikuwa liwe lenu. Msitudai.

Swali: Je, naweza kutumia ramani ya zamani kwenye boti yangu ya utalii? *Kijana, Mbita*

Jibu: Usijaribu. Maji ya ziwa yalipanda zaidi ya mita mbili mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakapanda tena vibaya 2020, na ghuba inapokea tope la mito ya Nyando na Sondu kila msimu wa mvua. Nafasi za ramani ya zamani na GPS ya simu yako zinaweza kupishana kwa mamia ya mita. Mawe hayakusoma masahihisho. Pia vijana wanachanganya pima na mita. Itundike sebuleni, boti ipeleke na mtu anayeyajua maji.

Swali: Mama, ramani ya marehemu mume wangu imeanza kuliwa na wadudu ndani ya fremu, na imepata madoa ya kahawia. Niliitengenezesha miaka michache tu iliyopita. *Mjane, Milimani, Kisumu*

Jibu: Pole sana, dada. Hewa yetu ya ziwa ndiyo mchawi, ikisaidiwa na fundi mwenye haraka. Nakisia mambo matatu: kioo kimegusa karatasi, nyuma kuna kadibodi ya kawaida ya maboksi, na imegundishwa kwa gundi ya mbao. Kadibodi ya maboksi ina asidi, ndiyo hayo madoa. Kioo kikigusa karatasi, unyevu unagandia katikati na kuvu inaota. Wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanapenda gundi kuliko hata karatasi.

Itolewe kwenye fremu, lakini usiivute mahali ilipogundishwa. Niletee hivyo hivyo na kadibodi yake. Ikirudi iwekewe kadibodi isiyo na asidi pande zote mbili, ya mbele ikiwa imekatwa dirisha ili kioo kikae mbali. Ishikiliwe juu tu kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani, na gundi iwe uji wa wanga wa ngano uliopikwa, ambao siku moja mtu akitaka kuutoa utatoka kwa maji kidogo. Nyuma ifungwe kwa karatasi nzima isiyo na tundu. Usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua, wala ukuta wa jikoni, wala mkabala na dirisha la magharibi; jua la saa kumi Kisumu linafuta wino. Vipande viwili vya mti chini ya fremu viiache nyuma yake ipumue.

Wengine wote mnaotaka niwaambie ramani yenu ni ya mwaka gani: picha ipigwe mchana bila flashi, karatasi ikiwa imetandazwa, na kona zote nne zionekane hadi ukingoni. Wiki hii nimepokea picha nyingi nzuri za katikati ya bahari zisizo na pembezoni, na tarehe zote ziko pembezoni.